Kutumia Vizuri Kombora la Nyuklia: Uhakiki wa Mchezo wa DEFCON

Kurasa hizi za uhakiki zimezoea riwaya, tamthilia na mashairi. Iwapo leo tunauleta mchezo wa kompyuta mbele ya wasomaji, huenda baadhi ya wenzetu wakauliza kama tumepungukiwa na vitabu. Vitabu havijapungua. Lakini wanafunzi wetu wakishamaliza kitabu cha mtihani hukifunga, ilhali michezo hii hukesha nayo. Humo hujifunza maneno, hupima mambo na hutoa hukumu. Kazi yoyote ya sanaa inayomzoeza mtu kupima jambo na kulitolea hukumu ni halali ya mhakiki, hata kama haina jalada wala kurasa.

Mchezo tunaoukusudia unaitwa DEFCON. Ulitolewa mwaka 2006 na kampuni ndogo ya Uingereza, Introversion Software. Swali ambalo kila anayeucheza hulazimika kulijibu ni moja: kombora la nyuklia hutumiwaje vizuri? Hoja ya makala haya ni kwamba mchezo unalijibu swali hilo kwa ustadi mkubwa, lakini unalijibu nusu tu. Nusu ya pili imo ndani ya neno lenyewe "vizuri", na kulifafanua neno ni kazi yetu sisi walimu wa lugha.

Muhtasari wa mchezo

Jina la mchezo ni jina la kipimo cha utayari wa majeshi ya Marekani. Daraja la 5 ni hali ya amani. Daraja la 1 ni vita vya nyuklia. Katika mgogoro wa makombora ya Kuba, mwaka 1962, kikosi cha Marekani cha ndege za mabomu ya nyuklia kilifikishwa daraja la 2. Mchezo huishuka ngazi hiyo hatua kwa hatua, na hakuna mchezaji awezaye kuizuia isishuke.

Dunia imegawanywa mafungu sita: Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kusini, Ulaya, Urusi, Asia na Afrika. Kwa kanuni za kawaida kila fungu lina watu milioni 100 waliotawanyika mijini, na vituo 6 vya makombora, kila kituo kikiwa na makombora 10. Zaidi ya hayo kuna rada, viwanja vya ndege za kivita, manowari na nyambizi. Katika daraja za mwanzo mchezaji hupanga zana zake na kuwachungulia wenzake. Baadaye meli na ndege huanza kupigana. Likifika daraja la 1, makombora huruhusiwa. Yakishabaki asilimia 20 tu ya makombora yote, saa ya mwisho huanza kuhesabu, na ikiisha mchezo umekwisha.

Hesabu ya ushindi ni hii: kwa kila watu milioni moja wa adui watakaouawa, mchezaji hupata alama 2; kwa kila watu wake milioni moja watakaokufa, hupoteza alama 1. Hakuna shamba la kulima, hakuna kiwanda cha kujenga, hakuna bunge la kushauriana. Zana zilizopangwa mwanzoni ndizo hizo, zikiharibiwa hazirudi.

Ustadi wa fani

Tuanze na sifa, maana mchezo huu unastahili sifa. Michezo mingi ya vita humfanya mchezaji ajione shujaa: hujenga, hustawi, huteka, hushangiliwa. DEFCON imekataa njia hiyo. Kioo cha kompyuta huonyesha ramani nyeusi yenye mistari ya mwanga hafifu. Miji ni nukta, makombora ni pinde nyembamba zinazopaa na kuinama polepole. Muziki wake ni wa taratibu na wa huzuni, na anayesikiliza kwa makini husikia kwa mbali sauti ya mtu akikohoa na akilia. Mtunzi hakuhubiri, ameiacha sauti ile iseme.

Kanuni zenyewe nazo zimetungwa kwa akili, kwa maana zinabeba dhamira. Kituo cha makombora kina kazi mbili ambazo haziwezi kufanywa kwa wakati mmoja: ama kinalinda miji kwa kuyatungua makombora yanayokuja, ama kinarusha yake. Kukibadili kutoka kazi moja hadi nyingine huchukua muda. Tena, kinaporusha, mahali kilipo hufichuka kwa wachezaji wote. Kwa hiyo kila anayeshambulia huivua ngao yake, na huonyesha mahali pa kupigwa. Hili ni fumbo kamili la silaha za nyuklia, na limeelezwa kwa kanuni moja ya mchezo bila hotuba hata moja.

Kutokana na kanuni hiyo huzaliwa ujuzi ambao wachezaji hodari huuita matumizi bora ya kombora. Asiye na ujuzi hurusha mapema, kidogo kidogo, na makombora yake hutunguliwa yakiwa angani. Mjuzi husubiri. Humwacha mwenzake avifungue vituo vyake, kisha hurusha kwa pamoja, kwa wingi, kutoka pande kadhaa, ili ulinzi uzidiwe. Nyambizi huzisogeza karibu na pwani ya adui ili kombora lisikae angani muda mrefu. Hujua pia kwamba kombora moja huua takribani nusu ya wakazi wa mji. La pili litaua nusu ya waliobaki, la tatu nusu ya nusu. Basi makombora hutawanywa kwenye miji mingi mikubwa kuliko kurundikwa juu ya mji mmoja. Miongoni mwetu husemwa kwamba subira yavuta heri. Katika mchezo huu subira huvuta maangamizi makubwa zaidi, na methali nzima imegeuzwa kichwa chini.

Urafiki nao umewekwa kwenye mizani hiyo hiyo. Mafungu yanaweza kuungana na kushirikiana rada, lakini hesabu ya mwisho ni ya kila mmoja peke yake. Kwa hiyo kila rafiki anajua kwamba rafikiye anaitafuta saa ya kumgeuka. Huu ndio usemi mchungu kuliko yote katika mchezo: mwenye kujua siri zako ndiye mwenye kujua pa kukupiga.

Hadi hapa mtunzi ametimiza kazi yake. Aliathiriwa na filamu ya Marekani iitwayo WarGames, ya mwaka 1983, ambamo kijana mmoja anaingia katika kompyuta ya jeshi akidhani anacheza, kumbe anaisukuma dunia kwenye vita. Mwishoni mwa filamu kompyuta hujaribu njia zote za vita na kung'amua kwamba hakuna hata moja yenye mshindi. Filamu humpa mtazamaji funzo hilo likiwa tayari. DEFCON haimpi, humwachia acheze, ashinde, kisha auone ushindi wake: mabaki ya watu milioni 30 dhidi ya mabaki ya watu milioni 20. Kwa sanaa, njia hii ya pili ni ngumu zaidi na ina heshima zaidi kwa msikilizaji. Lakini ina hatari yake, kwamba yuko atakayeziona alama na asiyaone mabaki.

Upungufu: rada isiyokosea

Wahenga walisema vita havina macho. Katika DEFCON vita vina macho makali. Rada inachokionyesha ndicho kilichopo; kombora likionekana, ni kombora kweli; na likionekana, mchezaji anajua kwa yakini limetoka kwa nani. Hapa mchezo umeiacha historia, na umeiacha mahali pabaya.

Tarehe 9 Novemba 1979, kompyuta za ulinzi wa anga wa Amerika ya Kaskazini zilionyesha kwamba Muungano wa Kisovieti umerusha makombora kwa wingi. Hapakuwa na kombora hata moja. Habari za zoezi la kivita zilikuwa zimeingia katika mitambo ya kazi halisi. Mchezo ulidhaniwa kuwa vita. Miaka minne baadaye, tarehe 26 Septemba 1983, mitambo ya Kisovieti ilimwonyesha afisa wa zamu, Stanislav Petrov, makombora matano yakitoka Marekani. Petrov aliamua kwamba tahadhari ile ni ya uongo, akaripoti hivyo, na ikawa kweli ni ya uongo.

Katika DEFCON Petrov angeshindwa. Hakuna kanuni inayomtuza mwenye kutilia shaka, wala mchezaji hapewi nafasi ya kuuliza kama anachokiona ni kweli. Kwa hiyo mtu anaweza kumaliza mamia ya michezo akaamini kwamba hatari ya silaha hizi ni uovu wa adui tu, asijue kwamba mara mbili tulizozitaja hatari ilitoka kwenye mtambo uliokosea, na kilichookoa ni uamuzi wa binadamu wa kungoja.

Upungufu: Afrika ya mchezo

Msomaji wa kwetu ataona jambo jingine. Katika mchezo huu Afrika ina vituo vyake sita sawa na Ulaya na Marekani. Wako wanafunzi wanaolipenda jambo hilo, na kupenda kwao kunaeleweka: hatimaye bara letu limekaa mezani na wakubwa. Lakini usawa huu umetolewa bure, na kinachotolewa bure huficha bei yake.

Afrika haikuingia katika habari za nyuklia kwa kukalia kiti cha mrushaji. Iliingia kwa shimo la mgodi. Urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu, hata ikafika Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyokuwa koloni la Ubelgiji, na kampuni ya Union Minière. Nchi ile ni nchi ya wasemaji wa Kiswahili. Katika migodi ya Katanga Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Kisha Afrika iliingia kama uwanja wa majaribio: tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, katika jangwa la Aljeria. Mchimbaji wa Shinkolobwe na mkazi wa Sahara hawana nukta katika ramani ya DEFCON. Huko kuna mijini tu, kwa sababu mijini ndiko kwenye alama.

Liko tukio la tatu, nalo linaugusa moyo wa swali letu. Mwezi Machi 1993 Rais F. W. de Klerk aliliambia bunge la Afrika Kusini kwamba nchi hiyo ilikuwa imeunda mabomu sita ya nyuklia na kwamba yote yalikwisha kuvunjwa. Haifai kuipamba habari hii: serikali iliyoyaunda ilikuwa ya ubaguzi wa rangi, na iliyavunja huku ikijua kwamba utawala unaondoka mikononi mwake. Hata hivyo ni nchi pekee iliyojitengenezea silaha hizi kisha ikazivunja zote. Tarehe 11 Aprili 1996, mjini Cairo, nchi za Afrika zilitia saini Mkataba wa Pelindaba wa kulifanya bara lote kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, nao ulianza kufanya kazi mwaka 2009. Pelindaba ni jina la kituo cha utafiti wa nyuklia cha Afrika Kusini yenyewe.

Mabomu sita katika historia, vituo sita katika mchezo. Tofauti ni kwamba historia ilikuwa na tendo la kuvunja, na mchezo hauna. Mchezaji wa fungu la Afrika anaweza kusubiri, kulinda, kurusha au kumgeuka rafiki. Tendo kubwa ambalo bara lake limelitenda kweli kuhusu silaha hizi hawezi kulitenda.

Lugha ya mchezo

Sasa tuje kwenye uwanja wetu wenyewe. Mji ukipigwa, katika ramani hutokea mwanga mweupe, kisha maneno machache: jina la mji, habari kwamba umepigwa, na idadi ya waliokufa kwa mamilioni. Mwanafunzi anayeusimulia mchezo huu kwa Kiswahili aghalabu husema, "Milioni nne zimekufa." Mwalimu atasahihisha upatanisho wa kisarufi na kuendelea na somo. Nasema asiendelee upesi.

Milioni ni idadi, na idadi iliyoachwa peke yake hukubali upatanisho wa vitu: shilingi milioni nne zimeliwa, milioni nne zimekufa. Kiambishi "zi" kinafanya kazi yake ya kawaida bila kosa la sauti. Kinachokosekana ni jina. Mrudishe "watu" mahali pake, na sarufi yenyewe italazimisha "wa": watu milioni nne wamekufa. Kiambishi hiki kimoja ndicho mlango ambao binadamu hupita kuingia katika sentensi ya Kiswahili. Mchezo umewaacha nje. Lugha yetu inao uwezo wa kuwarudisha, kama mwalimu atauonyesha.

Vivyo hivyo kauli za kitenzi. Mji umeteketea, mji umeteketezwa, mji umeteketezwa nami. Sentensi ya kwanza haina mtendaji kabisa, kana kwamba moto ulijizalia. Ya pili inakiri kwamba yuko mtendaji, lakini inamficha. Ya tatu inamtaja. Wanaosimulia michezo yao hupenda ya kwanza wanaposhindwa na ya tatu wanaposhinda. Wanajeshi na wanasiasa katika taarifa zao hupenda ya pili. Sijaona zoezi la kauli ya kutendwa lenye uzito kama hili katika vitabu vyetu vya darasani.

Liko pia neno lisilochezewa. Mchezo una namna tatu za kuhesabu. Ya kwanza ni ile ya kawaida tuliyoieleza. Ya pili huhesabu watu wako waliobaki hai. Ya tatu huhesabu uliowaua tu, na jina lake la Kiingereza ndilo lile ambalo sisi tunalitafsiri mauaji ya kimbari. Istilahi hiyo ilienea katika Kiswahili baada ya mwaka 1994, na katika nchi zetu hizi hakuna haja ya kueleza sababu. Hatusemi kwamba mtunzi alikusudia kejeli juu ya maiti za mtu. Yamkini alitaka jina limtishe mchezaji. Lakini neno lililowekwa kuwa chaguo moja kati ya matatu, la kubonyezwa kama mtu anavyochagua rangi ya shati, linapoteza uzito wake kila linapobonyezwa. Mwalimu wa Kigali au wa Bujumbura aliye na wanafunzi waliokulia katika nyumba zenye pengo hawezi kulitumia jina hilo kama jina la mchezo. Akiutumia mchezo huu darasani, ushauri wetu ni kwamba sehemu hiyo aiache, na aseme waziwazi kwa nini anaiacha. Huu ndio upungufu mkubwa wa kazi yote.

Maana mbili za neno moja

Tulirejee swali la mwanzo. Katika Kiswahili mtu huimba vizuri, hulima vizuri, na huishi vizuri na jirani zake. Neno ni moja, lakini ustadi na wema vimekaa humo kama ndugu katika chumba kimoja. Ndiyo maana mwizi hodari hatumsifu kwamba ameiba vizuri, ila kwa kejeli. Sikio la msemaji hulikataa neno pale ustadi unapobaki bila wema. Tukitaka kuvitenganisha tunayo maneno: ufanisi, ustadi, umahiri kwa upande mmoja, wema, haki, utu kwa upande wa pili.

DEFCON inafundisha ufanisi wa kombora, na inaufundisha kwa uaminifu kiasi kwamba mchezaji mwangalifu hutoka akiwa na huzuni. Haifundishi wema wake, kwa kuwa wema huo haupo ndani ya kanuni zake. Mpeni mwanafunzi insha fupi: "Je, kombora la nyuklia laweza kutumiwa vizuri?" Atakayejibu kwa kueleza vituo, nyambizi na subira amejibu kuhusu ufanisi. Atakayejibu hapana, bila kuujua mchezo, amejibu kwa mazoea. Atakayeweza kueleza jinsi linavyotumiwa kwa ustadi, kisha akaonyesha kwa nini ulimi wake unasita kutamka "vizuri", huyo amesoma lugha na amesoma dunia.

Hitimisho

Je, mchezo huu unafaa? Kwa wanafunzi wakubwa, wa sekondari za juu na vyuo vya ualimu, unafaa, mradi mwalimu awepo na sehemu tuliyoitaja iachwe. Fani yake ni safi, na dhamira yake imekaa ndani ya kanuni badala ya kubandikwa juu. Kasoro zake ni tatu: rada yake haikosei kamwe, Afrika yake haina historia, na mojawapo ya majina yake limechukuliwa kwa wepesi mno. Kasoro hizo haziufuti ustadi wake. Zinatuonyesha tu mahali ambapo mwalimu anahitajika.

Wazee wetu walisema majuto ni mjukuu, maana huja baadaye. Methali hiyo inachukulia kwamba wajukuu watakuwepo. Katika DEFCON saa ya mwisho ikiisha, alama hutangazwa na ramani huzimwa. Hakuna siku ya pili, basi hakuna wa kujuta. Siku hiyo ya pili ndiyo ya kuijadili darasani, kwa sentensi zenye watendaji wake, na zenye "wa" kila panapostahili watu.